Kuunganisha na kukunja kioo kwenye tanuri la umeme: mwongozo kamili kwa anayepasukiwa na sahani

Malalamiko ni yale yale. Sahani ilitoka tanurini ikiwa nzuri, ikapigwa picha, ikasifiwa, halafu siku chache baadaye ikapasuka kabatini bila kuguswa na mtu. Au ilitoka na povu kubwa katikati. Au iling'ang'ania rafu mpaka ikabidi ivunjwe. Wengi hudhani joto la juu halikutosha, wakaongeza nyuzi, na hali ikazidi kuharibika.

Mara nyingi joto la juu halina kosa. Kosa liko sehemu mbili: vioo visivyopatana vimechomwa pamoja, au kioo kimepozwa haraka mno. Ndiyo maana hatua ya kwanza na ya sita hapa chini ni ndefu kuliko nyingine. Zisome zote kabla ya kuwasha chochote.

Tutafuata kazi moja mpaka mwisho: sahani ya mraba ya sentimita 20, ya matabaka mawili ya kioo cha dirisha cha milimita 3. Kwanza inaunganishwa ikiwa bapa, kisha inachomwa mara ya pili kwa joto dogo zaidi ili ikae umbo la kalibu. Nyuzi zote ni za Selsiasi. Kuyeyusha kioo mpaka kiweze kupulizwa, kama wanavyofanya mafundi wa Kitengela karibu na Nairobi, ni kazi nyingine yenye tanuri lake na joto linalopita nyuzi 1,000.

## Vifaa

Tanuri. Liwe la umeme, lenye kidhibiti unachoweza kukipangia hatua kadhaa: kasi ya kupanda, joto la kufikia, muda wa kukaa hapo. Lenye koili juu, kwenye kifuniko, ndilo bora kwa kioo kwa sababu linapasha uso wote sawasawa. La mfinyanzi lenye koili za pembeni linafaa pia, ila kingo zitapata moto kabla ya katikati, kwa hiyo punguza kasi zote za kupanda kwa theluthi moja. Tanuri la mkaa au gesi lisilo na udhibiti wa kupoza siwezi kulipendekeza kwa kazi hii, hata kama linafika joto linalotakiwa.

Tanuri dogo la kilowati 3 huvuta kama ampea 13 kwenye umeme wa volti 230. Mwite fundi umeme alipe laini na swichi yake ya kujikata yenyewe. Lisichangie soketi na friji wala pasi, na usitumie waya wa kurefusha.

Kioo. Kioo cha dirisha cheupe, milimita 3, chote kutoka bango moja. Mafundi wa madirisha ya alumini wana mabaki mengi; omba vipande vilivyokatwa kwenye bango moja, si vilivyookotwa kwenye pipa.

Rafu ya tanuri, nguzo fupi tatu au nne za kuinyanyulia, na kalibu ya udongo uliochomwa mara moja bila gilezi (mpako wa kung'arisha vyombo vya udongo), yenye tundu chini.

Kinga ya rafu. Unga wa alumina na kaolini (udongo mweupe) uliotengenezwa kwa ajili ya tanuri, au karatasi nyembamba ya nyuzi za kauri inayostahimili moto.

Vya kukatia. Kikata kioo chenye gurudumu dogo, rula ya chuma, koleo, na mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha chupa.

Kinga yako mwenyewe. Miwani ya kazi, viatu vilivyofunika vidole, glavu za kuzuia joto, na barakoa ya kuzuia vumbi ya kiwango cha N95 au zaidi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vumbi la kioo na kaolini likiingia mapafuni halitoki.

Rangi. Unga wa rangi au chenga za kioo zilizotengenezwa mahususi kwa kioo cha dirisha, au foili nyembamba ya shaba nyekundu. Kama sahani ni ya chakula, hakikisha rangi haina risasi wala kadmiamu.

## Hatua ya 1: Hakikisha vioo vinapatana

Kila kioo hutanuka kikipata moto na kusinyaa kikipoa, lakini si kwa kiasi kimoja. Ukiunganisha viwili vyenye tabia tofauti, vitashikana vizuri kabisa kwenye joto. Vikianza kupoa, kimoja kinataka kusinyaa zaidi ya mwenzake, na kwa kuwa vimeshikana, vinabaki vinavutana. Mvutano huo hauishi. Ndio unaopasua sahani usiku ukiwa umelala.

Vioo vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hii huwa na namba inayoonyesha kinavyotanuka, mara nyingi 90 au 96. Kioo cha dirisha kiko chini ya hizo, katikati ya 80 na 90. Usichanganye 90 na 96, wala yoyote kati yake na dirisha. Hata namba zikifanana, viwanda viwili vinaweza kutoa vioo visivyopatana, kwa sababu ulaini wa kioo kikiwa motoni nao una sehemu yake.

Chupa zinafuata kanuni kali zaidi: chupa moja inapatana na yenyewe. Ukitaka chenga za kijani juu ya chupa ya kijani, saga sehemu ya chupa ile ile. Chupa mbili za kinywaji kimoja zinaweza kuwa zimetoka viwanda viwili.

Vioo vya kukataa kabisa:

- Kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama cha pembeni mwa gari, milango ya kuogea na meza nyingi za kioo. Mara nyingi kina muhuri mdogo kwenye kona. Hakikatiki, ukijaribu kinamwagika chenga chote.
- Kioo cha mbele cha gari. Kina plastiki katikati, itaungua na kutoa moshi mbaya.
- Vyombo vya kioo vya kupikia ovenini.
- Kioo cha kuakisi jua. Kioo cha kujitazamia nacho, mpaka kiondolewe rangi yake ya nyuma.

### Jaribio la kupatana

Usiruke jaribio hili ukipata kioo usichokijua. Kata kipande cha sentimita 5 kwa 10 cha kioo chako cha msingi. Juu yake weka vipande vidogo, kama ukucha wa kidole gumba, vya kila kioo unachotaka kukitumia, na kimoja cha kioo cha msingi chenyewe. Hicho cha mwisho ndicho shahidi wako. Choma kwa ratiba ya hatua ya 5 na upoze kwa ratiba ya hatua ya 6.

Sasa fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta mpakato. Vaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi na uzungushe kichwa polepole mpaka skrini iwe nyeusi. Ukiwa umetulia hapo, weka kipande chako kati ya macho na skrini. Kioo kisicho na mvutano kitabaki cheusi. Kama pembeni mwa kile kipande kidogo kuna mwanga, hasa kwenye kona, hapo pana mvutano. Kadiri mwanga unavyong'aa ndivyo hali ilivyo mbaya.

Kipande cha shahidi nacho kikionyesha mwanga, tatizo si kupatana, umepoza vibaya. Rudia jaribio kwa kupumzisha kioo muda mrefu zaidi kabla ya kukihukumu. Na kama skrini haigeuki kuwa nyeusi ukiizungushia miwani, tafuta skrini nyingine, kwani si zote zinafaa.

## Hatua ya 2: Kata, tambua upande wa bati, osha

Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, kwa hiyo upande mmoja una mabaki ya bati yasiyoonekana. Upande huo ukiminywa wakati kioo kinakunjwa hutoa ukungu wa kijivu usiosafishika. Unataka bati liwe chini, upande unaogusa kalibu na unaovutwa badala ya kuminywa.

Taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, nanomita 254, ikimulikwa kwa mshazari gizani huonyesha upande wa bati kwa mng'ao wa maziwa. Taa za kukagulia noti nyingi ni za mawimbi marefu na hazionyeshi vizuri. Kinga macho na ngozi, taa hii inaunguza. Kama huna, chora mishale kwa kalamu ya nta upande mmoja wa bango lote kabla ya kukata, ili vipande vyako vyote vielekee upande mmoja. Choma kimoja cha majaribio kila upande, kisha fuata kilichotoka safi.

Kukata: chovya gurudumu kwenye mafuta ya taa, bana rula, vuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo kwa mkandamizo usiobadilika. Utasikia mlio mwembamba unaoendelea bila kukatika. Usipite mara ya pili juu ya mstari huo, utaharibu gurudumu na ufa utakwenda unakotaka wenyewe. Vunja papo hapo: weka penseli chini ya mstari, bonyeza pande zote mbili kwa pamoja.

Kata miraba miwili ya sentimita 20. Lainisha kingo kwa msasa wa maji, ukiwa umelowa, usiwe mkavu.

Osha kwa sabuni ya maji, suuza sana. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani, yasiachwe yakauke juu ya kioo. Kila tone litaacha duara ambalo moto utaligeuza kuwa ukungu. Futa mara moja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, malizia kwa spiriti. Tangu hapo shika kingo tu. Alama ya kidole isiyoonekana mezani huonekana ikitoka tanurini, na haitoki tena.

## Hatua ya 3: Andaa rafu

Kioo kikilainika hushika chochote kinachokigusa. Kinga ya rafu ndiyo inayokitenganisha.

Koroga unga wa kinga na maji mpaka uwe na wepesi wa maziwa mabichi. Paka tabaka tano nyembamba kwa brashi laini na pana, kila tabaka kwa mwelekeo wake: wima, mlalo, kisha mishazari miwili, kisha wima tena. Koroga kila unapochovya kwa sababu alumina hutuama chini. Ikikauka, pitisha kiganja kwa wepesi kuondoa michirizi. Mchirizi wowote utaonekana nyuma ya sahani yako.

Kisha pasha rafu tupu hadi nyuzi 260 kwa dakika 20. Rafu iliyokauka juujuu bado ina maji ndani, na maji hayo yakigeuka mvuke chini ya kioo laini yanakiinua na kutengeneza povu.

Baada ya kila kuunganisha kamili, kwangua kinga yote na upake upya, ukiwa umevaa barakoa. Kaolini ikishapita nyuzi 800 hubadilika, na uchomaji unaofuata itaganda kwenye kioo. Kalibu za kukunjia hazipati joto hilo, kwa hiyo kinga yake hudumu kwa michomo mingi mpaka ibanduke.

## Hatua ya 4: Panga matabaka

Kioo kikiyeyuka kabisa hutafuta unene wa kama milimita 6 chenyewe. Huwezi kubishana nacho. Tabaka moja la milimita 3 litajivuta ndani: kingo zinanenepa, zinapinda, zinatoa miiba, na katikati inakuwa nyembamba mpaka kutoboka. Matabaka mawili ya milimita 3 yanabaki na ukubwa wake. Matabaka matatu yatatambaa nje ya mstari wako. Ukiwa na kioo cha milimita 4, mawili ni 8, kwa hiyo acha nafasi pembeni kwa sababu sahani itapanuka kidogo.

Weka mraba wa kwanza kwenye rafu, bati chini, angalau sentimita 3 kutoka ukutani mwa tanuri. Nyunyiza rangi kwa kichujio cha chai. Foili ya shaba ikatwe vipande vidogo na ibaki mbali na ukingo kwa sentimita moja ili vioo vipate kushikana. Shaba hutoka na rangi za damu ya mzee, kahawia, wakati mwingine kijani-buluu pembeni, kulingana na hewa iliyoifikia.

Usitengeneze duara au fremu iliyofungwa kati ya matabaka. Hewa iliyomo ndani haina pa kutokea. Acha njia kila mahali kuelekea ukingoni. Weka mraba wa pili, ukingo kwa ukingo, bati chini vile vile.

Kioo cha dirisha kina tabia ya kupata ukungu mweupe usoni. Dawa yake ni boraksi: kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, tone la sabuni, paka tabaka jembamba kwa brashi juu ya uso wa juu tu, acha ikauke kabisa.

## Hatua ya 5: Kuunganisha

Weka rafu juu ya nguzo ili hewa ipite chini yake. Panga kidhibiti hivi:

1. Panda nyuzi 150 kwa saa hadi 560. Kaa dakika 15.
2. Panda nyuzi 100 kwa saa hadi 680. Kaa dakika 45.
3. Panda nyuzi 250 kwa saa hadi 825. Kaa dakika 15.
4. Shuka kwa kasi ya tanuri lenyewe hadi 550.

Mwendo wa kwanza ni wa pole kwa sababu chini ya nyuzi 550 kioo bado ni kigumu, na tofauti ya joto kati ya ukingo na katikati hukipasua. Hapo ndipo wenye haraka wanapopoteza sahani.

Wa pili ni wa kutoa hewa. Kioo cha juu kinaanza kulegea katikati na kusukuma hewa pembeni kabla kingo hazijazibana. Ukiuruka, usishangae povu.

Wa tatu ni wa haraka kwa makusudi. Kioo kikikawia kati ya 700 na 800 hutengeneza fuwele usoni, ule ukungu mweupe.

Ukitaka vipande vya juu vibaki vimeinuka, vimeshikana tu na kona zimelainika, simamia 770 hadi 780 badala ya 825. Matanuri hayafanani, na kipimajoto kinaweza kusoma tofauti na joto lililopo kwenye rafu. Kwa hiyo uchomaji wa kwanza uwe wa vipande vya majaribio. Kona zikibaki kali, ongeza nyuzi 10. Kioo kikitambaa na kuwa chembamba pembeni, punguza 10. Andika kila uchomaji kwenye daftari: unene, ratiba, ulipoweka, matokeo.

Usifungue kifuniko tanuri likiwa juu ili kuharakisha kushuka. Tundu la kuchungulia linatosha, na uwe na miwani ya kukinga mionzi ya joto. Kabla ya kuingiza mkono au chuma chochote ndani, hata likiwa limepoa, zima umeme ukutani.

## Hatua ya 6: Kupumzisha na kupoza

Kioo kikipoa, uso wake hukaza kwanza. Ndani bado ni moto na bado kunataka kusinyaa. Kunaposinyaa baadaye, kunauvuta ule uso uliokwisha kukaza, na mvutano unafungiwa humo. Kwa macho sahani ni nzima. Inasubiri mkwaruzo, maji ya moto, au upepo wa baridi wa alfajiri.

Dawa ni kukisimamisha kioo kwenye joto ambalo bado kina ulaini kidogo wa kujilegeza, chote kiwe na joto moja ndani na nje, kisha kukishusha polepole mpaka kipite eneo la hatari. Kwa kioo cha dirisha, joto hilo ni karibu nyuzi 550.

5. Kaa kwenye 550 kwa saa 1.
6. Shuka nyuzi 60 kwa saa hadi 480.
7. Shuka nyuzi 100 kwa saa hadi 370.
8. Zima. Kifuniko kisifunguliwe mpaka chini ya nyuzi 50.

Ukiwasha saa mbili asubuhi, kioo kitafika kileleni kati ya saa nane na saa tisa mchana, na namba 7 ya ratiba hii itaisha karibu saa moja jioni. Sahani utaitoa kesho yake. Namba 50 niliyoiandika haina mjadala: ukinyanyua kifuniko kwenye nyuzi 150 "kuchungulia tu", hewa baridi inapiga uso wa juu wakati chini kumekaa juu ya rafu moto.

Unene ndio unaotawala muda. Ukiongeza unene mara mbili, kushuka kunatakiwa kuwe polepole karibu mara nne. Mfano mzuri ni mapendekezo ya Bullseye, kiwanda cha Portland, Marekani, kwa kioo chake cha namba 90, ambacho hupumzishwa kwenye nyuzi 482. Kwa unene wa milimita 12 ni saa 2 za kukaa, kisha nyuzi 55 kwa saa. Kwa milimita 19 ni saa 3, kisha nyuzi 25 kwa saa. Kwa milimita 25 ni saa 4, kisha nyuzi 15 kwa saa. Joto lao usilitumie kwa kioo cha dirisha, ila angalia jinsi kasi inavyoporomoka unene unapoongezeka.

Kama sahani yako ina sehemu nene na sehemu nyembamba, ipoze kwa ratiba ya kitu kinene kuliko sehemu yake nene. Mimi huchukua unene mkubwa na kuuzidisha mara mbili. Umeme unaotumika zaidi ni mdogo ukilinganisha na sahani iliyopotea.

## Hatua ya 7: Kagua

Sahani iliyofaulu ina uso laini unaong'aa, kingo za mviringo zisizokwaruza kidole, na mgongo wenye alama hafifu za brashi. Pima unene kwenye kona: uwe karibu milimita 6 kote.

Kama imepasuka, usiitupe kabla hujausoma ufa. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye midomo yake.

- Midomo ya ufa ni ya mviringo. Ilipasuka wakati wa kupanda, ikaendelea kupata moto, ikalainika. Punguza kasi ya mwendo wa kwanza.
- Midomo ni mikali. Ilipasuka wakati wa kushuka au baada ya hapo. Rudi hatua ya 6.
- Ufa unafuata umbo la kipande cha rangi. Vioo havipatani. Hakuna ratiba itakayokusaidia.
- Ufa mrefu unaopinda kama herufi S. Mara nyingi ni mvutano wa kupoza.
- Vijichenga vimeng'oka mgongoni. Kinga ya rafu ilikuwa nyembamba au imezeeka.

Povu dogo dogo lililotapakaa ni sehemu ya kioo cha kuunganishwa. Povu kubwa lenye ngozi nyembamba juu ni hatari; litapasuka na kukata mtu.

## Hatua ya 8: Kukunja kwenye kalibu

Kwa sahani inayozama ndani, tumia kalibu ya udongo. Kwa umbo ambalo kioo kinaning'inia nje ya kalibu, tumia chuma cha pua. Udongo husinyaa kidogo kuliko kioo. Kioo kilichouvaa kwa nje kitaubana mpaka kipasuke. Chuma cha pua husinyaa zaidi ya kioo, kwa hiyo kinajitoa chenyewe.

Hakikisha tundu la chini ya kalibu liko wazi. Kalibu ikae juu ya nguzo, na uipime usawa kwa kipimamaji, maana kioo huteleza kuelekea upande ulioinama. Sahani isizidi mdomo wa kalibu, na rangi iwe juu.

1. Panda nyuzi 120 kwa saa hadi 560. Kaa dakika 15. Sasa ni kipande kimoja kinene, ndiyo maana kasi imepungua.
2. Panda nyuzi 150 kwa saa hadi 730. Kaa dakika 15.
3. Shuka hadi 550, kisha rudia namba 5 hadi 8 za ratiba ya kupoza bila kupunguza hata moja.

Ukifika 710, anza kuchungulia kila dakika tano. Kwanza mwanga unaoakisiwa katikati ya kioo utapinda. Kisha katikati itashuka, kingo zikiwa bado juu. Mwisho kingo zitalala. Kioo kikigusa chini, bonyeza kuruka hatua ifuatayo. Kuendelea kukaa kunachukua alama zote za kalibu na kunanenesha chini.

Kioo kikikaa upande mmoja, usiongeze joto. Rekebisha usawa wa kalibu na ushushe kasi. Kalibu yenye kina kirefu ifikiwe kwa awamu mbili: kalibu ya kina kidogo kwanza, kisha ya kina.

Kingo zikibaki na ukali, zisugue kwa pedi ya almasi ndani ya maji. Sahani yenye shaba isiingie kwenye maikrowevu, na hakuna sahani kati ya hizi inayofaa ovenini.

## Umeme ukikatika

Hili ni jambo la kawaida kwetu, kwa hiyo uwe na mpango kabla. Usifungue tanuri. Tanuri lililojengwa vizuri hupoa polepole lenyewe, na hilo peke yake linaweza kuokoa kazi.

Umeme ukirudi, soma joto kwanza. Kama bado ni zaidi ya 560 na ulikuwa unapanda, endelea na ratiba ulipoishia. Kama ulikuwa unashuka na bado uko juu ya 560, panga kuanzia hatua ya kupumzisha. Kama limeshuka chini ya 500, usipandishe kwa pupa. Acha lipoe mpaka mwisho bila kufunguliwa, kagua kioo kesho yake, kisha uanze upya kwa mwendo wa kwanza wa polepole. Vidhibiti vingine huendelea vyenyewe umeme ukirudi, vingine hufuta ratiba yote. Jua chako ni cha aina gani kwa kukijaribu tanuri likiwa tupu.

## Sahani iliyokamilika, lakini una wasiwasi nayo

Ipeleke mbele ya skrini nyeupe na ile miwani. Kama imetengenezwa kwa bango moja la kioo na bado inaonyesha mwanga kingoni au kwenye kona, mvutano ni wa kupoza, na unatibika. Irudishe kwenye kalibu yake iliyopakwa kinga. Panda nyuzi 60 kwa saa hadi 550, kaa saa 2, shuka nyuzi 30 kwa saa hadi 480, kisha 60 kwa saa hadi 370, uzime. Umbo halitabadilika kwenye joto hilo. Itazame tena kwenye skrini kabla ya kumkabidhi mteja. Ikiwa nyeusi kote, inaweza kutoka nyumbani kwako.